Timu yenye uwiano kwenye Pokémon ni ipi hasa?

Timu yenye uwiano ni ile ambayo kila kipigo cha mpinzani kina mtu wa kukipokea. Maana yenyewe ni hiyo tu, na ningeweza kuishia hapo, ila kwenye kijiwe chetu hapa Mtwara neno hilo linatumika kivingine kabisa. Vijana wakisema timu ina uwiano wanamaanisha ina moto mmoja, maji mmoja, joka mmoja, umeme mmoja, kama mtu aliyepita sokoni akachukua fungu moja kila meza. Hiyo ni timu ya rangi nyingi, na rangi nyingi zinaweza kufungwa zote na kitu kimoja.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Pokémon ni mchezo wa video wa kupambanisha viumbe, ulioanzia Japani mwaka 1996. Kila mchezaji anapanga viumbe sita, na kila kiumbe anabeba mbinu nne tu. Ana aina moja au mbili kati ya 18 zilizopo, na aina ndiyo inayoamua kipigo kitauma kiasi gani. Maji yakimpiga wa Moto, maumivu ni mara mbili. Moto ukimpiga wa Maji, ni nusu. Umeme ukimpiga wa Ardhi, hasikii chochote. Mwenye aina mbili zinazoogopa kitu kimoja anaumia mara nne.

Halafu kuna kutoa na kuingiza. Hapa ndipo mchezo wenyewe ulipo, na ndipo mashabiki wa mpira wanapojikwaa. Kule uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona, kocha akibadilisha wachezaji, refa anasimamisha mpira na anayeingia anaingia mzima. Kwenye Pokémon unabadilisha mara nyingi upendavyo, lakini kila ukibadilisha umeitoa zamu yako: mpinzani anapiga, na anayeingia ndiye anayekula kipigo. Kwa hiyo swali la mpangaji wa timu si "nani anapiga sana?" bali "huyu akibanwa, nani anaingia?"

Mpwa wangu anachezea Pokémon Showdown, uwanja wa bure unaofunguka kwenye kivinjari cha simu bila kumaliza bando. Jioni moja alifungwa mfululizo akaja kulalamika: "Mjomba, hili gemu linabeba watu." Nikamwomba anionyeshe timu. Mbele aliweka Charizard wa Moto, Gyarados wa Maji na Dragonite wa Joka. Moto, Maji, Joka. Kwa macho yake amepanga vizuri, na wote watatu ni wapigaji wa kweli.

Tatizo ni aina ya pili. Wote watatu ni wa Anga. Na Anga inaogopa Mwamba.

Kuna mbinu inaitwa Stealth Rock. Mpinzani anaitumia mara moja, na upande wako unabaki na mawe yanayoelea yakimsubiri kila anayeingia. Mtu wa kawaida akiingia hupoteza sehemu moja ya nane ya uhai wake. Gyarados na Dragonite hupoteza robo. Charizard, ambaye Moto wake na Anga yake vyote vinauogopa Mwamba, hupoteza nusu nzima kabla hajarusha hata cheche. Dragonite ana balaa jingine juu yake: anaweza kuwa na kipaji cha kupunguza kipigo kwa nusu, lakini kipaji hicho hufanya kazi uhai ukiwa kamili tu. Jiwe moja na kimekwisha. Ongeza Umeme, unaomuumiza Charizard mara mbili na Gyarados mara nne, uone jinsi watu watatu "tofauti" walivyokuwa mtu mmoja aliyevaa mashati matatu.

Hakuhitaji kuivunja timu. Alihitaji mtu mmoja anayependa vile wanavyoviogopa hao watatu. Nilimpa Excadrill, fuko mwenye makucha ya chuma, aina zake Ardhi na Chuma. Mwamba ukimpiga, anasikia robo tu. Umeme hausikii kabisa. Na anajua mbinu ya Rapid Spin, anazunguka na kuyafagia yale mawe.

Lakini nusu ya pili ya hesabu ndiyo ninayoipenda zaidi. Excadrill naye ana anavyoviogopa: Moto, Maji, Ardhi na aina ya Mapigano. Sasa rudi kwa wale watatu. Moto ukija, yeyote kati yao anaupokea kwa nusu. Maji yakija, Gyarados na Dragonite wanayapokea kwa nusu. Mapigano yanapungua kwa nusu kwa wote watatu kwa sababu ya Anga, na Ardhi haiwagusi kabisa. Fuko anawalipia madeni yao, nao wanamlipia yake. Uhusiano wa namna hii, ambapo kila mmoja anaingia pale mwenzake anapotoka, ndio uti wa mgongo wa timu. Wachezaji wengi wazoefu huanza kupanga wawili au watatu wa aina hiyo kwanza, kisha ndipo wanajaza nafasi zilizobaki. Jozi mashuhuri kuliko zote labda ni ya Skarmory na Blissey. Skarmory ni ndege wa chuma anayekula vipigo vya mwili, mfano makucha na meno; Blissey ana uhai wa msingi 255 na anakunywa kama chai vipigo vya nguvu maalumu, mfano miale, lakini ulinzi wake dhidi ya vipigo vya mwili ni 10 tu. Mmoja peke yake anatobolewa. Wakiwa pamoja, unaweza kupiga mpaka uchoke.

Kazi ya kufagia mawe haina sifa, na vijana hawaitaki. Mtu yeyote wa Mikindani aliyewahi kupanda mashua inayovuja anamjua anayekaa chini na upo mkononi kufua maji ngamani. Havui samaki hata mmoja. Mwondoe uone kama hao wenye nyavu watafika.

Uwiano hauna maana ya kujaza mabeki pia. Nimeona timu za kuta sita ambazo hazifungwi haraka wala hazishindi. Zinachosha tu, kwangu mimi huo si mchezo. Lazima awepo wa kumaliza kazi, na afadhali wawe wawili wanaopiga kwa njia tofauti, mmoja kwa mwili na mwingine kwa nguvu maalumu, maana ukuta unaozuia njia moja mara nyingi una mlango upande wa pili.

Kasi nayo ihesabiwe. Ukizidiwa nukta moja tu, mwenzako anatangulia, na mara nyingi anayetangulia hajibiwi. Si lazima wote wawe na mbio. Kuna timu zinazotumia Trick Room, mbinu inayopindua utaratibu kwa zamu tano ili mzito apige kabla ya mwepesi. Kosa ni kuwa nusu ya hiki na nusu ya kile bila mpango.

Kwenye mashindano rasmi ya wawili wawili hesabu inabadilika kidogo. Unaleta sita, unawachagua wanne baada ya kuiona timu ya mwenzako, na wawili wanasimama uwanjani kwa wakati mmoja. Hapo mwenza hahitaji kuingia. Yuko tayari pembeni. Mfano wa mwaka 2014 bado unasimuliwa: Sejun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia kule Washington, D.C. akiwa na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye watu walimwona kama pambo. Pachirisu alikuwa na mbinu ya kuvuta vipigo vinavyomlenga mwenzake peke yake vije kwake, na kipaji cha kupona akipigwa na Umeme. Pembeni yake timu ilikuwa na Gyarados, yuleyule anayekufa kwa Umeme. Yaani kile ambacho kingemuua mwenzake, kwa kindi kilikuwa dawa. Ukiangalia orodha ya nguvu peke yake huwezi kumchagua Pachirisu hata siku moja. Ukiuliza "nani anapokea?", jina lake linakuja lenyewe.

Mpwa wangu sasa ana wanne na nafasi mbili wazi, na hapo ndipo tunabishana. Barafu inamuumiza Dragonite mara nne. Charizard, Gyarados na Excadrill kila mmoja ana aina moja inayoipunguza na nyingine inayoiongeza, kwa hiyo wote watatu wanaipokea nzima nzima. Hakuna hata mmoja anayeingia kwa raha. Mimi nataka wa Maji matupu, au Chuma kisichochanganywa na Ardhi wala Anga. Yeye anataka Dragapult kwa sababu ana mbio na sura yake inatisha. Dragapult ni Joka, naye anaiogopa Barafu vilevile. Nimemuuliza Barafu ikija nani anaingia, akacheka, akafunga simu. Leo asubuhi nimechungulia: Dragapult kashaingia, nafasi ya sita iko wazi.