Je, Wajua Kwa Nini Shati la 3,000 Karume Linauzwa 18,000 Instagram?

Hii utaikuta sana kwenye komenti za peji za mitumba. Mtu kaposti shati safi la kiume, bei 18,000, mara hapo chini anatokea mwingine anaandika "mbona Karume hilo ni 3,000?" Na hajadanganya, kule soko la mitumba la Karume, Dar, shati kama hilo ni 3,000 kweli, saa nyingine 2,000 ukienda jioni. Muuzaji naye hajadanganya kwa sababu anaposti kwa 18,000 na linaondoka. Sasa hiyo 15,000 ya katikati imetoka wapi, na nani anailipa wakati Karume ipo palepale Ilala na daladala zinapita?

Jibu linaanzia mbali kidogo, huko shati linakotoka.

Mtu yuko Uingereza, Marekani, Kanada au Ujerumani, anapunguza nguo kabatini, anazipeleka kwenye shirika la hisani au anazitumbukiza kwenye yale masanduku ya barabarani. Shirika linauza zile nzuri kwenye maduka yake, zinazobaki zinauzwa kwa kilo kwa makampuni ya kuchambua. Uchambuzi mwingine unafanyika hukohuko, mwingine Sharjah kule Falme za Kiarabu, mwingine Karachi, mwingine Kandla kwenye jimbo la Gujarat India. Anayechambua ana sekunde chache kwa kila nguo: shati au blauzi, ya kike au ya kiume, nzima au imechoka. Vitu vya kipekee vinachomolewa mapema viuzwe kwa bei zake, ila mikono inayopitisha nguo nyingi hivyo kwa siku haiwezi kukamata kila kitu, ndio maana mpaka leo mtu anafungua belo Dar anakuta shati la kitani la Italia limelala katikati ya mashati ya sare za kazini.

Belo lenyewe mara nyingi ni la kilo 45, limebanwa na mashine, limefungwa mikanda, na linauzwa likiwa hivyohivyo limefungwa. Unachonunua ni maandishi ya nje, mashati ya kiume gredi A, basi, ndani utajua ukishalipa. Kwa hiyo mwenye belo anapolifungua asubuhi anakuwa na wasiwasi wa hela yake na anataka irudi haraka. Wanaochagua kwanza wanalipa bei ya juu, Wakenya wa Gikomba, soko kubwa la mitumba Nairobi, hizo nguo za chaguo la kwanza wanaziita kamera, halafu kadiri jua linavyopanda bei inashuka, jioni ndiyo inakuwa chini kabisa. Huyu mtu hana muda wa kukwambia hili kola yake ni nzima na lile limechanika kwapani. Anauza lundo. Ile 3,000 ni bei ya shati ambalo bado hakuna aliyelikagua, yaani unalinunua pamoja na wasiwasi wake.

Na hapa kuna mchumi wa Marekani anaitwa George Akerlof, mwaka 1970 alieleza hili jambo vizuri sana kwa mfano wa magari yaliyotumika. Alisema hivi: mwenye gari anajua gari lake lina shida gani, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya katikati, bei ya gari ambalo huenda ni zima huenda ni bovu. Mwenye gari zima akiona hiyo bei anakataa, analirudisha nyumbani, anayebaki sokoni ni mwenye gari bovu maana kwake hiyo bei ni nzuri. Wanunuzi wakishagundua yaliyobaki ni mabovu wanashusha bei tena, wenye magari mazima wengine wanaondoka, soko linaendelea kuoza hivyohivyo. Mwaka 2001 Akerlof alipata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, na Spence yeye alionyesha upande wa pili, kwamba mwenye kitu kizuri anaweza kujitofautisha kama atafanya kitu ambacho mwenye kitu kibovu itamgharimu sana kukiigiza.

Ukilihamishia hilo kwenye simu yako utaona kwa nini biashara ya mtumba mtandaoni ni ngumu kwa wengi na inawalipa wachache. Karume angalau unashika nguo, unainyoosha juani, unavuta zipu. Mtandaoni hushiki chochote, na kila mtu ana ndugu yake ambaye alishatuma hela akaletewa kitu tofauti na picha. Kwa hiyo mteja anakuja na wasiwasi mara mbili ya ule wa sokoni, na muuzaji ambaye hafanyi kitu kuuondoa atapewa bei ya lundo hata kama shati lake ni la kitani la Italia.

Ile 15,000 ni malipo ya kuondoa wasiwasi na ya muda wa kuchagua. Mteja wa 18,000 ni mtu yuko ofisini Posta mpaka jioni, au yuko Songea, au hawezi kabisa kusukumana kwenye lundo. Yeye halinganishi na 3,000 ya Karume, analinganisha na shati jipya la dukani ambalo huenda ni la bei ya juu zaidi na kitambaa chake ni chepesi.

Sasa tuangalie kazi yenyewe kwa karibu, shati moja tu. Umelitoa Karume, umelifua, limekauka. Kabla ya pasi unalipeleka dirishani unalinyanyua mwanga upite kwa nyuma, matundu madogo yanaonekana hapo na si vinginevyo. Unageuza kola uone kama kuna ile njano ya jasho, unaangalia kwapani, unahesabu vifungo, mara nyingi kuna kifungo cha akiba kimeshonewa ndani chini na fundi akihamisha hicho shati limepona. Halafu unalilaza juu ya meza unachukua futi ya fundi cherehani: kwapa mpaka kwapa, bega mpaka bega, urefu kutoka shingoni mpaka pindo. Usitegemee lebo, L ya Marekani na L ya Korea ni watu wawili tofauti kabisa, na shati lililofuliwa miaka mitano huko lilikotoka linaweza kuwa limerudi saizi nzima. Picha unapiga asubuhi karibu na dirisha, bila filta, maana filta inabadilisha rangi na mteja akipokea rangi nyingine umeshampoteza. Mbele, nyuma, lebo, kola, na ile ambayo wengi wanaikwepa: picha ya doa lenyewe, kidole kikilionyesha.

Maelezo yanakuwa hivi: "Shati la kitani, kwapa kwa kwapa sm 56, urefu sm 74, kifungo cha pili kimebadilishwa, kidoa kidogo ndani ya mkono wa kushoto picha ya 5, 18,000, boda juu ya mteja." Ukisoma hiyo huna swali. Na hicho kidoa ndicho kinachouza! Muuzaji tapeli hawezi kukuonyesha doa la shati ambalo hana, na anayekuonyesha kibaya unamwamini kwenye kizuri. Hii si nadharia tu, eBay, mtandao wa Marekani wa watu kuuziana vitu, ilivyoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995 kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kibovu, tangazo lilieleza wazi ni kibovu, kikanunuliwa dola 14.83. Omidyar alipomuuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba hakiwaki, jamaa akasema ndiyo, yeye anakusanya vibovu. Mwaka uliofuata eBay wakaweka utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupeana maoni hadharani, na hilo ndilo lililowafanya watu wasiojuana watumiane hela.

Ndio maana mimi ule mtindo wa "bei njoo inbox" siupendi hata kidogo. Najua sababu zake, muuzaji anataka kuongea na mteja mmoja mmoja, anaficha bei kwa washindani, lakini kwa mteja inaleta wasiwasi mpya juu ya ule aliokuja nao, anaanza kuwaza ataangaliwa picha ya profaili yake kisha atajiwe bei yake peke yake. Weka bei. Atakayeshindwa atapita, atakayeiweza hatakusumbua.

Tufanye hesabu ya mfano tuone kama kweli inalipa. Tuseme umechagua mashati 10 kwa 3,000, hiyo ni 30,000. Nauli, sabuni, pasi, fundi, mifuko na bando tuseme 20,000. Umefikisha 50,000, kwa hiyo kila shati limeshakuwa 5,000 kabla hujaposti. Sasa yote 10 hayatoki kwa 18,000, huo ndio ukweli ambao watu wanaohamasisha hii biashara hawausemi. Tuseme 6 yametoka kwa bei yako, ni 108,000. Mawili yamekaa mwezi ukashusha mpaka 10,000, ni 20,000. Mawili hayajatoka kabisa. Umeingiza 128,000, ukitoa 50,000 unabaki na 78,000, na hapo umeamka alfajiri, umefua, umepiga pasi, umejibu meseji za watu kibao wanaouliza "ipo?" halafu wanapotea. Ni hela nzuri ya pembeni ila ni hela ya jasho. Na uone kwamba kilichobeba faida ni uchaguzi wa siku ya kwanza, kama kati ya hayo 10 ungekosea manne badala ya mawili, faida ingepungua vibaya sana.

Upande wa malipo ndipo tunapoumia zaidi kwetu. Ulaya kuna Vinted, mtandao wa kuuziana nguo zilizotumika, ilianzia Lithuania mwaka 2008 na mwanzilishi mmoja, Milda Mitkutė, alikuwa anahama nyumba akajikuta ana nguo nyingi mno. Kule mnunuzi akilipa hela inashikiliwa na mtandao, muuzaji haipati mpaka mzigo ufike na mnunuzi aridhike. Huku kwetu mitandao ya matangazo kama Jiji inawakutanisha tu, hela mnamalizana wenyewe, ndio maana ushauri wake mkubwa ni kagua kwanza ndipo ulipe. Kwa Dar njia inayofanya kazi ni lipa ukipokea, boda anasubiri mteja afungue mfuko aangalie. Mkoani ni shughuli nyingine, mzigo unapanda basi na dereva hawezi kukusanya hela yako. Wauzaji makini wanachofanya ni kumtumia mteja video fupi ya mzigo ukifungashwa na picha ya risiti ya basi, na mteja wa mara ya kwanza wanamwanzishia kitu cha bei ndogo.

Hesabu hii pia inategemea nchi uliyopo. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana kuondoa mitumba kabisa ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, ule mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikabaki na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Kwa hiyo mtu wa Kigali hawezi kunakili hesabu ya Dar. Na kwetu Tanzania nguo za ndani za mtumba zimepigwa marufuku, usiziweke kwenye peji yako hata kama zimekuja na lebo.

Kama mtaji wa belo huna, mimi ningekwambia achana na nguo kwanza, angalia vitu vya watu wanaohama. Masaki, Oysterbay, Upanga, mkataba wa mtu ukiisha ana tarehe ya ndege na nyumba lazima iwe tupu, kila siku inayopita bei inashuka maana friji haingii kwenye begi. Vitanda vya watoto wachanga, viti vya gari vya watoto, blenda, vitabu, hivi vinatumika muda mfupi vinabaki vizima. Kanuni ni ileile, washa friji mbele ya kamera, mwonyeshe mteja barafu imeshika, pima upana aone kama inapita mlangoni kwake.

Simu zinahitaji umakini wa peke yake. Kabla hujatoa hela piga *#06# namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, zitokee, zilinganishe na zilizo kwenye boksi na risiti, hakikisha akaunti ya mwenye simu imetolewa kabisa kwenye simu mbele yako. Tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki watu wengi wameshajua kukagua, na mteja makini ataomba hizo namba kabla hajauliza bei. Anayekuuzia akikwambia risiti imepotea, boksi limepotea na nywila ameisahau, mwache aende nayo, maana kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kushuku kwamba ni ya wizi, ni kosa.