Mafuriko ya Jangwani na nyumba ambazo hazikuloa

Maji yakifunika Barabara ya Morogoro pale Jangwani, mtaa wa bondeni jijini Dar es Salaam, hesabu inayotolewa ni ya nyumba zilizozama. Mimi ninayeshughulika na maji na usafi wa mazingira huhesabu pia nyumba zilizobaki kavu, kwa sababu madhara ya mafuriko ya Dar es Salaam hupita kwenye barabara, vyoo na visima, na mambo hayo matatu tunayatumia sote, wa mabondeni na wa juu.

Kwanza tuelewe maji yanatoka wapi. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unamwaga baharini penye Daraja la Salenda. Kila kilima kinachofyekwa na kujengwa huko juu kinashusha mchanga. Ukifika Jangwani, ambako bonde ni tambarare, mto unapoteza kasi na mchanga unatua. Kina kinapungua, nafasi chini ya madaraja inapungua, na taka za plastiki zinaziba kilichobaki. Ndiyo maana mvua ambayo zamani ingepita ndani ya mto sasa inatapakaa barabarani. Mvua hiyo ikikutana na bamvua, yaani siku za maji makubwa ya bahari, bahari inakuwa imejaa na mto hauna pa kutolea, hivyo maji yanasimama hadi bahari ianze kupwa. Anayekaa bondeni anapaswa kujua saa za maji kujaa kama mvuvi anavyozijua, hasa Aprili, masika yakiwa yamekolea.

Barabara ikifungwa, jiji linakatika vipande viwili. Basi la mwendokasi la Kimara halivuki tena kwenda Kariakoo, Posta na Kivukoni, na abiria wote wanahamia njia chache zilizobaki: Kigogo kwa Barabara ya Kawawa, Tabata kwa Barabara ya Mandela, au kuzunguka hadi Salenda. Baadhi ya hizo nazo zina mabonde yake. Nauli ya bodaboda na bajaji inapanda asubuhi hiyo hiyo. Hospitali ya Muhimbili iko Upanga, ng'ambo tu ya bonde kwa mtu wa Magomeni, lakini siku hiyo mjamzito mwenye uchungu anazungushwa nusu ya jiji. Familia yenye mjamzito wa miezi ya mwisho, mgonjwa wa kusafishwa figo au mtu anayekaribia kumaliza dawa zake iamue mapema itapita wapi na itaelekea kituo gani cha afya upande wake wa bonde.

Usivuke kwa miguu maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima, na 30 zinaweza kuliinua na kulibeba gari dogo. Chini ya maji hayo kuna mifereji isiyo na mifuniko.

Sasa vyoo, ambavyo havizungumzwi vya kutosha. Sehemu kubwa ya wakazi wa mabondeni hutumia vyoo vya shimo. Masika yanapoanza, maji ya ardhini hupanda hadi karibu na uso wa ardhi. Shimo linajaa kutoka chini kabla hata mto haujafurika, na kinyesi kinapanda nalo. Wengine huona mvua ndiyo nafasi ya kutapisha: wanatoboa ukuta wa shimo na kuacha mvua ibebe. Nasema wazi kwamba hilo ni kumlisha jirani kinyesi. Lakini najua pia linafanywa kwa nini: gari la kunyonya majitaka haliingii vichochoroni, na gharama yake inamlemea mpangaji wa chumba kimoja.

Njia inayofaa ni kunyonya shimo Januari au Februari, ardhi ikiwa kavu. Majirani wanne au watano wakiita gari pamoja, au wakitumia wanyonyaji wa pampu za mkono wanaofika vichochoroni, gharama inagawanyika. Shimo lisilojengewa kuta lisinyonywe hadi chini, kwani maji ya ardhini yatausukuma udongo wa pembeni uporomoke. Tangi la plastiki nalo lisiachwe tupu kabisa, maana linaweza kuinuka na kung'oa mabomba. Anayejenga upya ainue sakafu ya choo juu ya alama ya mafuriko ya mwisho, ajenge kuta za shimo kwa tofali au pete za zege, na mita ya juu aizibe kwa saruji ili maji ya nje yasiingie.

Kinyesi kikishatoka, kinaingia visimani. Kisima kifupi cha mtaani huuza maji hata kwa nyumba za juu, na hapo ndipo kipindupindu kinapopanda mlima. Dalili huanza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kumeza vimelea, kwa hiyo wagonjwa huanza kuonekana maji ya mafuriko yakiwa yameshaondoka na watu wameshalegeza tahadhari.

Kisima kilichoingiliwa na mafuriko kitolewe kwanza tope na maji yote yanayoweza kutoka, kiachwe kijae tena, kisha kiwekwe klorini. Poda yenye klorini asilimia 70 inatakiwa gramu 145 hivi kwa kila mita ya ujazo ya maji. Kisima chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina takribani mita za ujazo 2.4, sawa na gramu 340 za poda. Ikoroge kwenye ndoo nje, si ndani ya nyumba, na umimine polepole ukizunguka ukingo. Kifungwe saa 24, mtu yeyote asichote. Kisha chota na umwage hadi harufu ya klorini ipotee. Kosa la kawaida ni kumwaga poda kwenye maji ya tope: tope linaimaliza klorini kabla haijafika kwenye vimelea. Na kama choo kinachovuja kiko hatua chache tu kutoka kisimani, kazi hiyo yote itadumu siku chache. Maji hayo yabaki ya kufulia.

Maji ya kunywa nyumbani: kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa ndoo ya lita 20, subiri dakika 30. Maji yakiwa na ukungu, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha weka vidonge viwili. Mwenye kuni au mkaa mkavu achemshe, ingawa siku hizo mkaa mkavu ni adimu na bei yake inapanda.

Kurudi ndani ya nyumba kuna utaratibu wake. Usiwashe umeme hadi fundi akague nyaya na soketi zilizozama, hata kama mita ya LUKU inaonyesha uniti. Toa tope lingali bichi, osha kwa maji na sabuni, ndipo upake dawa: jiki ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, iache dakika 10. Unga, mchele na maharage vilivyoguswa na maji hayo vitupwe. Kuvianika hakuondoi vimelea wala uvundo.

Kipato ndicho kinachochelewa zaidi kurudi. Mama lishe aliyepoteza sufuria na mtaji wa siku moja anaweza kukaa wiki kadhaa bila kuwasha jiko, na kodi ya chumba inaendelea. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40, serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Baadhi yao walirudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo, na nauli ya kila siku ilikula faida. Mradi wa sasa wa Bonde la Msimbazi, wenye fedha za Benki ya Dunia tangu 2022, unalipa fidia na kuwahamisha watu tena. Wanaosimamia fidia hiyo waweke kwenye hesabu umbali kati ya makazi mapya na mahali mtu anapouza chakula chake, na wawahesabu wapangaji pia, si wenye nyumba peke yao.