Bakuli la kidakani na mlango wa babu: fahamu sheria kabla hujauza wala kununua

Malalamiko yanayoletwa kwenye ofisi zetu za makumbusho, Lamu na Malindi, kuhusu vitu vya kale yanafanana sana. Mwenye nyumba amemuuzia mgeni bakuli la buluu na nyeupe lililokaa kidakani, yaani katika kishubaka cha ukutani, tangu enzi za bibi zake. Mgeni amezuiwa uwanja wa ndege. Sasa wote wawili wanauliza kosa ni lipi, maana bakuli lenyewe "si la Kenya, ni la China".

Hoja hiyo tumeijibu mara nyingi mno. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaeleza kwamba kitu cha kale ni kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Tafadhali yasome tena maneno "au kuletwa". Bakuli lililochomwa katika tanuri za Longquan, China, likapakiwa jahazini na kushushwa kisiwani Pate, ni kitu cha kale cha Kenya. Ni hivyo hivyo kwa gudulia la Uajemi, shanga za India, mrashi wa Kiarabu au kasha la njumu lililotoka Surat. Sheria haiangalii kiwanda peke yake. Pwani hii iliishi kwa biashara ya bahari, na vyombo vya ng'ambo vilivyopangwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu, au kupachikwa kwenye makaburi ya mnara kama lile la Mambrui, ndio ushahidi wa biashara hiyo.

Milango ina mwaka wake. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Kwa hiyo mlango wenye nakshi ya Kijumwa, mtindo uliopewa jina la fundi na mshairi Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, unaweza kulindwa hata kama haujafikisha miaka mia moja. Tunasema "mlango au fremu" kwa makusudi. Wapo wanaong'oa mbao mbili wakaiacha miimo (nguzo za pembeni) ukutani, au wakauza mfaa (mti wa katikati) peke yake, wakidhani kipande si mlango. Mlango ukishatenganishwa na miimo, kizingiti na mfaa wake, hata mtaalamu hupata taabu kueleza ulitoka nyumba ipi, na bei anayopewa mwenye nyumba ni ndogo mno ukilinganisha na anachopoteza.

Tuondoe hofu moja ambayo kwa kweli inatuchosha: kumiliki si kosa. Chombo ulichorithi ni chako, kikae nyumbani kwako, na wanao wakirithi baada yako. Hakuna afisa anayepita mitaa ya Mkomani, Lamu, kukusanya masahani ya watu. Kinachohitaji ruhusa ya maandishi ni kufanya biashara ya vitu vya kale na kuvitoa nje ya nchi. Hata ukitaka kukihamisha kutoka mahali kilipo kukipeleka Mombasa au Nairobi, uliza kwanza. Anayekamatwa bila kibali anakabiliwa na faini, kifungo, au vyote viwili, na kitu chenyewe kinaweza kuchukuliwa na serikali. Risiti ya duka si kibali. Barua ya mzee wa mtaa si kibali. Kibali cha mwaka jana kwa sahani nyingine si kibali cha sahani hii.

Ili ombi lisirudishwe, leta picha na maelezo yaliyokamilika. Piga picha mchana, kivulini, bila mwanga wa flashi, na uweke rula kando ya chombo. Piga mbele, nyuma, ndani, na kitako kikiwa kimegeuzwa juu, kisha karibu kabisa kwenye muhuri, maandishi, ufa au mahali palipomeguka. Dosari ndiyo alama ya kukitambua chombo: bakuli mbili za tanuri moja zinaweza kufanana kwa kila kitu ila ufa. Andika kwa sentimita kimo, kipenyo cha mdomo na kipenyo cha kitako. Kwa mlango, pima kila ubao, miimo, mfaa na kizingiti, kila kimoja peke yake. Andika pia kimetengenezwa kwa kitu gani, nyumba na mtaa kilipokuwa, na mikono kilimopitia. Utaratibu huu unakaribiana na kipimo cha kimataifa kiitwacho Object ID, kilichozinduliwa 1997, ambacho polisi na forodha wa nchi nyingi wanakielewa.

Hata usipokuwa na nia ya kuuza, fanya hivyo leo. Wagiriama wa upande wa Malindi wanajua kwa nini. Vigango, mbao za ukumbusho wa wazee wa Gohu (chama chao cha wazee), viliibwa kwa wingi vikaishia katika makumbusho na majumba ya watu binafsi Marekani. Viwili vilivyoibwa kwenye boma moja vilirejeshwa nyumbani 2007, na ushahidi uliovitambulisha ulikuwa picha iliyopigwa 1985 vikiwa bado vimesimama bomani. Vingine thelathini kutoka makumbusho ya Denver vilifika Kenya 2019, lakini kigango kisicho na picha wala kumbukumbu ya boma hakijui kirudi kwa nani. Tunaomba mnunuzi aelewe pia kwamba kigango hakiuzwi. Kimesimamishwa kwa ajili ya marehemu, na ukoo ndio unaojua kilio cha kung'olewa kwake.

Wavuvi wa Ngomeni, Shela na Kizingitini wana wajibu wa ziada. Jahazi au meli iliyozama zaidi ya miaka hamsini iliyopita inalindwa na sheria, na aliyegundua kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa alipokiona. Mabaki ya meli ya Kireno pale Ngomeni, yenye vipande vya shaba na pembe za ndovu, yana thamani kwa wataalamu kwa sababu ya namna vilivyolala pamoja. Ukiwa tayari umekitoa chombo majini, usikianike. Chumvi iliyoingia ndani ya udongo huganda kuwa chembe kadiri maji yanavyokauka, zikapasua uso wa chombo, na rangi ikabanduka kama magamba. Kiweke kwenye ndoo ya maji, kifunike, utuletee kikiwa bado kimeloa.

Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba (aina ya kasa) zina sheria nyingine kabisa. Kiti cha enzi chenye vipande vya pembe kinaguswa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na kuwa na nyara bila kibali kunaleta faini kubwa au kifungo cha miaka. Uzee wa kiti haukuondolei wajibu huo. Nendeni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kabla ya kuja kwetu.

Kwa wanaokusanya vitu vya nchi nyingine: India, kwa sheria yake ya 1972, hairuhusu mtu binafsi kusafirisha nje vitu vya kale vilivyozidi miaka mia moja, Misri ilifuta biashara hiyo 1983, na China inazuia vilivyotengenezwa kabla ya 1911. Dai kibali cha nchi kilikotoka kabla hujatoa pesa.

Mwaka wa kitu unaujuaje? Geuza kitako. Seladoni ya Longquan, yaani vyombo vyake vya rangi ya kijani, huacha duara jekundu-kahawia mahali pasipopakwa rangi. Vyombo vya Zhangzhou, China, vya karne ya 16 na 17 mara nyingi vina mchanga ulioganda chini. Sahani za maua za Maastricht, Uholanzi, zisikudanganye kwa uzuri: kiwanda cha Petrus Regout kilianza vyombo vya udongo 1836 kikaendelea hadi karne ya 20, kwa hiyo muhuri ndio unaoamua. Jina la nchi kwenye muhuri lilienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, na maneno "Made in" kwa kawaida ni ya baadaye zaidi. Kwenye mlango au kasha, tafuta misumari. Ya zamani ilifuliwa kwa mkono, ina pembe nne, hailingani. Msumari wa duara, skrubu yenye alama ya msalaba, au mistari ya mviringo ya msumeno wa mashine mara nyingi inaonyesha kazi mpya au ukarabati. Wauzaji hupaka mbao mpya chai nzito au pamanganeti. Angalia ndani ya nakshi, maana uchakavu wa kweli huwa mahali mikono inapogusa.

Kazi mpya si kitu cha kuonea haya. Mafundi wa Lamu wanachonga milango mizuri leo hii. Mnunuzi achukue risiti yenye jina la fundi na mwaka, pamoja na picha ya kazi ikiwa karakana.

Kuhusu usafi, tunaomba mno: msisugue birika na upatu kwa ndimu na majivu, wala msipake milango oili chafu ya injini. Asidi hula nakshi ya shaba kidogo kidogo, na oili huvuta vumbi ikaziba mchongo. Brashi laini kavu inatosha. Ukiona unga mpya chini ya mlango, ni dumuzi, mdudu anayetoboa mbao. Tuite kabla ya kumwaga dawa.

Na chombo kikivunjika, usikiunganishe kwa supaglu, maana ikishaganda inang'oka na rangi. Funga kila kigae kwenye karatasi laini peke yake, weka vyote kwenye sanduku moja, andika tarehe na jina la nyumba juu yake, kisha ulete makumbusho.