Namba ya chini ya presha ikishuka, tusishangilie kwanza

Mzee mmoja wa miaka 74, mwenye presha na kisukari, alinifungulia daftari lake la kliniki akitabasamu. "Daktari, ya chini imekubali yenyewe. Zamani ilikuwa 95, leo 66." Ya juu ilikuwa 168.

Tukatoa hesabu pamoja: 168 toa 66, inabaki 102. Kwa kijana hubaki kama 40. Kwa wazee, ikivuka 60 mimi huacha kuitazama namba moja moja, naanza kuufikiria mshipa. Kitambulisho chake kinasema 74. Mshipa wake mkuu, aota, ni mkongwe kuliko hapo.

Aota yenye afya huvutika kama mpira wa manati. Moyo ukipiga, inatanuka na kupokea damu. Moyo ukipumzika, inajirudi na kuisukuma damu mbele. Kujirudi huko ndiko kunakoishikilia namba ya chini. Nyuzi zinazofanya kazi hiyo, elastini, mwili huzitengeneza zaidi tumboni mwa mama na utotoni. Ukubwani ni kama kiwanda kimefungwa. Presha huzichosha mpaka zinakatika, na kolajeni, iliyo ngumu, inashika nafasi. Kisha inakuja sukari: inajibandika kwenye kolajeni na kuzifunga nyuzi zake pamoja, kwa kemia ileile inayolipa ganda la mkate rangi ya kahawia. Manati imeanikwa juani.

Ndiyo maana, baada ya miaka 50 au 60 hivi, ya juu huendelea kupanda huku ya chini ikishuka. Si nafuu. Pigo ambalo aota ingelipunguza sasa linafika zima kwenye vimishipa vya figo na ubongo, na mimi huagiza mkojo upimwe protini, dalili ya figo kuumia, hata kama mgonjwa hana lalamiko lolote.

Wanafamilia huniuliza, mzee wa umri huu dawa za nini tena? Utafiti wa HYVET wa 2008 ulihusu watu wa miaka 80 na kuendelea, na vifo vya waliopewa dawa vilikuwa pungufu kwa takriban 21%. Lakini lengo lilikuwa kuishusha presha hadi 150 kwa 80, si 120. Ukiikandamiza ya juu, ya chini nayo inazama, na moyo hujilisha zaidi pale unapopumzika.

Basi nikamwomba mzee wangu asimame, nikampima tena baada ya dakika moja. Ya juu ikaanguka hadi 139. Akashika ukingo wa meza.

"Hivi ndivyo ninavyokuwa nikienda chooni usiku," akasema.

Daftari halina safu ya presha ya kusimama. Nikaiandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, tukaanza kupanga upya vidonge vyake.