Msafara wa Meli Uliochelewa na Treni Zilizotoka Moshi

Huku kwetu Moshi, Vita vya Kwanza vya Dunia husimuliwa kama vita vya nchi kavu: Taveta, Salaita, askari na wapagazi. Mimi, ambaye kazi yangu ni historia ya vita vya majini, nashikilia kwamba mengi yaliyotokea chini ya Kilimanjaro yaliamuliwa kwanza katika Bahari ya Hindi, tena kwa makaa ya mawe na uhaba wa meli za kusindikiza kuliko kwa mizinga.

Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoongozwa na Max Looff, ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Mnamo tarehe 6 Agosti 1914 iliiteka meli ya mizigo ya Kiingereza City of Winchester karibu na pwani ya Omani na kuchukua makaa yake, ambayo hata hivyo yalikuwa duni. Tarehe 20 Septemba iliivamia manowari ya Kiingereza HMS Pegasus ikiwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo ya mitambo, ikaizamisha, kisha ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji. Ukihesabu meli ilizozimaliza utasema haikufanya lolote la maana. Lakini maadamu haikujulikana ilipo, hakuna meli ya askari iliyoweza kuachwa ivuke bahari bila ulinzi, na wakati huohuo Emden, manowari nyingine ya Kijerumani, ilikuwa ikiwinda upande wa India. Hata askari wa Australia na New Zealand walicheleweshwa, wakaondoka bandari ya Albany, Australia, tarehe 1 Novemba.

Meli zikiwa msafarani haziwezi kwenda kasi kuliko ile iliyo goigoi kupita zote. Meli 14 za Waingereza zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka Bombay kwenda kuiteka Tanga zilisota baharini kwa wiki kadhaa, huku askari, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kusafiri majini, wakitapika na kudhoofika katika vyumba vyenye joto. Manowari kongwe Goliath, iliyokuwa miongoni mwa walinzi wao, iliharibika mitambo ikabaki nyuma. Walipofika Tanga tarehe 2 Novemba, Caulfeild, nahodha wa HMS Fox, alitangulia kuwataka Wajerumani wasalimu amri, kisha akaamuru bandari isakwe mabomu ya majini ambayo hayakuwepo. Sioni haja ya kumbebesha yeye lawama zote, kwa kuwa nahodha anayelinda meli zilizojaa watu huogopa bomu moja kuliko aibu, ila saa zile zilikuwa na thamani kubwa mno. Jeshi kubwa la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilikuwa Moshi, na reli ya kutoka Moshi hadi Tanga ilikuwa na urefu wa kilomita 352. Treni zilishusha askari kikosi baada ya kikosi, na kufikia tarehe 4 watetezi wapatao 1,000 walitosha kuwarudisha wavamizi kwenye meli zao.

Baadaye Waingereza waliizingira pwani, ingawa mzingiro huo ulivuja. Mnamo Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilifukuzwa na HMS Hyacinth hadi ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga. Nahodha wake aliipandisha kwenye maji ya kina kifupi na kuwasha moto sitahani ili ionekane imekwisha, na Waingereza walipoondoka wapiga mbizi wakatoa bunduki na risasi. Risasi nyingi zilikuwa zimelowa, zikafunguliwa na kukaushwa.

Makaa ambayo Rubens ilikuwa imeyabeba hayakuifikia Königsberg. Tarehe 11 Julai 1915 ilimalizwa na Severn na Mersey, meli za Kiingereza za maji mafupi zilizojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, zilizovutwa kutoka Malta. Wajerumani waliiopoa mizinga yote 10 na kuifungia magurudumu. Mmoja uliletwa Kahe, karibu na Moshi, ukalipiga jeshi la Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, mnamo Machi 1916, hadi Wajerumani wenyewe wakaulipua kabla ya kurudi kusini.