Snomobili kutumia alkoholi, maana yake nini hasa?

Snomobili ndo ile pikipiki ya theluji, mbele ski mbili nyuma mkanda wa mpira unaozunguka. Sasa ukisikia ya fulani inatumia alkoholi, swali la kwanza ni alkoholi gani na kiasi gani, maana watu wanachanganya vitu vitatu tofauti kabisa alafu wanabishana mpaka usiku. Kuna E10, hiyo ni petroli ya kawaida yenye ethanoli (alkoholi ileile ya kwenye pombe) asilimia 10, pengine unaijaza kila siku bila kujua. Kuna E85, ambayo ethanoli ndo nyingi (jina lisikudanganye, Marekani E85 inaruhusiwa kuwa na ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83, na kipindi cha baridi wanaipunguza makusudi). Alafu kuna methanoli tupu, alkoholi nyingine yenye sumu, hiyo ni ya watu wa mashindano.

Wengi wanaamini alkoholi ina nguvu kuliko petroli. Hapana! Lita kwa lita ethanoli ina nishati kama theluthi mbili tu ya petroli, methanoli ni kama nusu. Nguvu inatoka kwingine. Molekuli ya alkoholi tayari imebeba oksijeni yake ndani, kwa hiyo haihitaji hewa nyingi kuungua: kilo moja ya petroli inataka hewa kilo 14.7, ethanoli kilo 9, methanoli kama 6.4. Maana yake kwa hewa ileile inayoingia kwenye silinda unaweza kuchoma methanoli zaidi ya mara mbili ya petroli, na ukipiga hesabu joto linalotoka linazidi kidogo la petroli. Ongeza na hili, alkoholi ikigeuka mvuke inanyonya joto jingi, methanoli kama mara 3 ya petroli kwa kila kilo, ndo maana kabureta ya mashine ya methanoli unaweza kuikuta imeganda barafu kwa nje wakati injini inaunguruma. Hewa ikipoa inashikana, inaingia nyingi zaidi, na mafuta hayalipuki kabla ya wakati hata ukipandisha kompresheni, yaani kuubana zaidi mchanganyiko ndani ya silinda. Hapo ndo faida yote ilipo, usipoirekebisha injini iitumie faida hiyo unapata mashine inayokula mafuta tu.

Na ukimwaga E85 kwenye snomobili ambayo haijabadilishwa kitu? Jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha mafuta, zimetobolewa kwa ajili ya petroli, kwa hiyo mafuta yanayopita ni kidogo mno, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi mafuta machache), joto linapanda, na injini nyingi za snomobili ni za mipigo miwili ambazo hazina uvumilivu huo kabisa, pistoni inayeyuka pembeni au inang'ang'ania silinda, imenoki. Kwa methanoli inabidi jeti kubwa, sindano inayofungua na kufunga mafuta kwenye kabureta na kiti chake kikubwa, pampu yenye uwezo, na mipira ya mafuta isiyovimba wala kulainika. Hata E10 inasogeza mchanganyiko kidogo upande wa ukavu, ndo maana mashine nyingine za kisasa zina sehemu ya kuchagua kama unatumia mafuta yenye ethanoli au la. Marekani serikali iliruhusu E15 kwa magari ya kuanzia mwaka 2001 lakini snomobili, pikipiki na boti wakaziacha nje, usijaze E15 kwa kuona bei tu.

Oili nayo ina kesi yake. Injini ya mipigo miwili inalainishwa na oili inayopita humohumo na mafuta, sasa oili ya kawaida inayotokana na mafuta ghafi haikubali kuchanganyika na methanoli, inajitenga. Watu wa mashindano wanatumia oili inayokubali alkoholi, ya zamani kabisa ni mafuta ya nyonyo, yale ya mbarika, yanayeyuka kwenye alkoholi vizuri tu ila baridi ikizidi yanakuwa mazito kama uji.

Tukija kwenye maji. Alkoholi inapenda maji. Lita moja ya E10 inaweza kubeba kama mililita 5 za maji, kijiko kimoja cha chai, na kadri baridi inavyozidi ndo inabeba kidogo zaidi. Ikizidiwa, maji na ethanoli vinashuka pamoja chini ya tangi, na pampu inavuta kutoka huko chini. Kwa anayechanganya oili kwenye tangi ni balaa maana oili inabaki juu na petroli, injini inanyweshwa maji na spiriti bila tone la oili.

Kujua kama petroli yako ina alkoholi ni rahisi. Chukua chupa nyembamba ya kioo yenye vipimo, weka maji mililita 10, jazia petroli mpaka 100, funga, tikisa, iache itulie. Maji yakibaki kwenye 10, hamna alkoholi. Mstari ukipanda mpaka karibu na 20 basi hiyo ni E10, ethanoli imeiacha petroli ikahamia kwenye maji. Hayo uliyopima usiyarudishe kwenye tangi tafadhali.

Kuwasha kwenye baridi ni mtihani mwingine. Petroli inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, ethanoli tupu inasubiri mpaka kama nyuzi 13 juu ya sifuri. Huko Brazili kwenye joto lao lote magari ya ethanoli yalikuwa na kitangi kidogo cha petroli cha kuwashia asubuhi, sa fikiria snomobili iliyolala nje kwenye theluji. Wenye methanoli wanawasha kwa kupuliza petroli kidogo, na wakimaliza mbio wanamwaga methanoli yote wanaiendesha injini kwa petroli dakika kadhaa, la sivyo alumini ya kabureta inaota unga mweupe. Moto wa methanoli mchana hauonekani kabisa, na ukiinywa inapofusha na kuua, kwa hiyo galoni lake wanaliandika kwa herufi kubwa na hawaliweki karibu na vinywaji.