Mtoto wa Omelas: yanayosemwa na yaliyoandikwa

"Wanaouhama mji ndio mashujaa." Dhana hii inachochewa na kichwa chenyewe cha hadithi ya Ursula K. Le Guin (1973), "The Ones Who Walk Away from Omelas", kinachowataja wahamaji. Omelas ni mji wa raha ambao neema yake yote inategemea mateso ya mtoto mmoja aliyefungiwa chumbani. Lakini isome upya aya ya mwisho. Kila mmoja anaondoka peke yake, hakuna anayefungua mlango, na mtoto anabaki palepale gizani. Swali la kama kuondoka kunatosha lilimsumbua mwandishi N.K. Jemisin hata mwaka 2018 akaandika hadithi ya wanaobaki na kupigana.

"Wakazi hawajui." Wote wanajua. Watoto huelezwa wakiwa na umri wa kati ya miaka 8 na 12.

"Istiara ni fumbo: kila kitu kina jibu lake." Zipo za namna hiyo. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), jina la Waziri Majivuno linamfichua kabla hajafungua kinywa. Omelas haina mkazi hata mmoja mwenye jina. Badala yake kuna sharti: mtoto akitolewa, neema yote ya mji inanyauka saa ileile, hata neno moja la upole haliruhusiwi. Ukishasema "mtoto ni maskini wa dunia" ukafunga kitabu, umelikwepa sharti.

"Sherehe ya mwanzoni mwa hadithi ni mapambo tu." Hapa ndipo waigaji wengi huharibu. Msimulizi anamwachia msomaji ajijengee mji: ukitaka treni za chini ya ardhi, ziweke, hutaki, ziache. Ukifika kwenye mlango wa chumba, mji umeshakuwa wako na una cha kupoteza. Hapo lugha inakauka, vinabaki vipimo: chumba cha hatua tatu kwa mbili, mopu mbili zilizokakamaa na kunuka, ndoo yenye kutu, nusu bakuli ya unga wa mahindi na mafuta kwa siku, mtoto wa karibu miaka 10 anayeonekana wa 6. Anayemleta mtoto katika aya ya kwanza anapata huruma ya msomaji, lakini hampati msomaji mshirika.

"Wazo ni la Dostoyevsky." Linafanana na la mwandishi huyo Mrusi, kweli. Le Guin mwenyewe alisema alilikuta kwa mwanafalsafa William James, katika insha ya 1891, na kichwa kidogo cha hadithi kinamtaja. Wanaochimba maana ya siri ndani ya jina "Omelas" nao wanajichosha: alikisoma kinyumenyume kibao cha barabarani cha Salem, Oregon.